Zege Bichi la Kamachumu

Agnetha alikuwa na namna yake ya kuingia katika nyumba mpya, namna iliyowaudhi wenye nyumba. Hakutazama dari. Hakusifia madirisha wala rangi. Aliinamisha uso tangu mlangoni, akavua kandambili, akatembea peku kutoka ukuta hadi ukuta, polepole, kama mtu aliyedondosha sindano, na kabla hajafika upande wa pili alikuwa ameshamdharau mtu. Mara nyingi alimdharau fundi aliyemwaga zege. Mara nyingine mwenye nyumba. Siku ile ya Novemba, pale Kamachumu, katika sebule ya Dokta Rutashobya, aliwadharau wote wawili kabla hajatimiza hatua kumi, kisha akamwongeza wa tatu, aliyekuwa amesimama dirishani akijipiga picha.

"Nani alimwaga hili?" Agnetha aliuliza.

"Mafundi wa Bukoba mjini," akajibu yule wa dirishani bila kushusha simu. "Wazuri sana."

"Walimwaga wakiwa wamelala?"

Yule kijana akacheka, akidhani ni utani. Jina lake Audax, seremala, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye fulana iliyoandikwa jina lake kifuani na mgongoni, na viatu vyeupe ambavyo Agnetha hakuwahi kuona fundi wa kweli akivivaa kazini. Yeye ndiye angetandika mbao za mninga juu. Agnetha aliitwa kutengeneza sakafu ya chini: kulisawazisha zege, kuhakikisha ni kavu, kutandaza nailoni ya kuzuia unyevu, kufunga papi, zile fito nyembamba za mbao, juu yake na plaiwudi juu ya papi. Baada ya hapo mninga ungepigwa misumari, na kazi yote ya Agnetha ingefunikwa, asiione mtu tena.

Hilo la kufunikwa halikumsumbua. Kilichomsumbua ni watu waliofikiri kwamba kinachofunikwa hakina haja ya kuwa sawa.

Alizaliwa Buganguzi, kwa wazazi wakulima wa kahawa, akaolewa na mwashi aitwaye Kagaruki. Miaka ya mwanzo ya ndoa alimbebea mume wake zege kichwani, kwenye madarasa na zahanati za Muleba yote, na kwa kuwa mbeba zege hana la kufanya anapongoja karai lijazwe, alitazama. Alimwona Kagaruki akimwaga kabla kokoto hazijasafishwa. Alimwona akipiga mwiko juu juu ili pang'ae, halafu akienda kunywa pombe ya rubisi wakati zege linahitaji kumwagiliwa maji. Mwaka mmoja baadaye walipita kwenye jengo lilelile na sakafu ilikuwa na nyufa mtu angeweza kupitisha kidole. Dharau yake ya kwanza maishani, dharau kamili, aliianzia kwa mume aliyempenda. Mgongo wa Kagaruki ulipoharibika na akabaki nyumbani kutunza kibanja cha migomba, Agnetha alichukua mwiko, pima maji na rula ndefu ya aluminiamu, akaendelea peke yake. Wanaume walimwita Mama Zege. Waliomheshimu walimwita Mama Koku, kwa jina la binti yake. Sakafu za mbao alijifunza Bukoba mjini, kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, alikokaa miezi minne akifanya kazi na mzee mmoja fundi kutoka Kampala, mtu wa maneno machache ambaye hakumsifia hata mara moja. Agnetha alimkumbuka kwa upendo mkubwa.

"Harusi ya binti wa Dokta ni tarehe ishirini na nane Desemba," Audax alimwambia. "Wageni watanywea chai humu. Kwa hiyo mama, wewe nakupa wiki moja, halafu mimi naingia."

"Unanipa?"

"Namaanisha ratiba, mama."

Agnetha alinyoosha uzi kutoka kona hadi kona, akaweka rula juu ya zege, akaanza kuchora kwa chaki. Palipovimba alichora duara. Palipobonyea alichora msalaba. Hadi saa sita mchana sebule na chumba cha kulia chakula, ambavyo vilikuwa ukumbi mmoja mrefu usio na ukuta katikati, vilijaa maduara na misalaba kama daftari la mtoto aliyefeli. Mama mwenye boma, Bibi Theopista, mama yake Dokta, akaja na fimbo yake kutazama. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na mwanawe alikuwa amemjengea jumba hili ubavuni mwa nyumba yake ya zamani bila kumuuliza kama analitaka.

"Shumalamu, mae," Agnetha alimsalimia kwa kupiga magoti kidogo.

"Marungi, mwana wange. Hii ni nini? Mnacheza mchezo?"

"Naonyesha makosa, mae."

Bibi Theopista akatazama maduara yote. "Na yote haya mwanangu amelipia," alisema, akatoka.

Siku mbili Agnetha alikuwa magotini na tindo na nyundo akikwangua palipovimba. Siku ya tatu alijaza mabonde kwa saruji na mchanga laini, akapitisha rula hadi isiache mwanga chini yake. Alianzia upande wa chumba cha kulia. Kisha akafanya lile jambo alilofundishwa na mzee wa Kampala: alikata vipande vya nailoni vya upana wa sinia, akavibandika juu ya zege, mahali pasipojazwa saruji mpya, kwa utepe pande zote nne pasiingie hewa, akaviacha hadi siku ya pili.

Asubuhi ile alivibandua mbele ya Audax. Viwili vya chumba cha kulia, kimoja katikati na kimoja karibu na mlango, vilikuwa vikavu. Vitatu vya sebuleni vilikuwa na matone kwa ndani kama mfuniko wa sufuria, na zege chini yake limekuwa jeusi.

"Lilimwagwa lini upande huu?"

"Mwezi Oktoba, mwanzoni," Audax alisema. "Walikuwa wamekosea ramani, wakavunja, wakamwaga upya."

"Na mvua zinanyesha kila siku. Hili ni bichi. Likae hadi kiangazi."

"Mama, kiangazi ni Juni!"

"Unajua miezi. Vizuri."

Audax alivua miwani ya jua. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza bibi yake jinsi ya kutumia simu, kwamba mbao zenyewe zimeshafika, mninga mtupu kutoka Tabora, kwamba juu ya zege kutakuwa na nailoni, na juu ya nailoni papi, na juu ya papi plaiwudi, kwa hiyo maji yatapita wapi? Na isitoshe, sakafu ya chini itafunikwa. Nani ataiona?

"Mninga utaiona," Agnetha alisema. "Na hizo mbao zako ziko wapi?"

Zilikuwa barazani. Mafurushi kumi na manne, yamerundikwa juu ya sakafu ya nje, yamefunikwa turubai upande mmoja tu, manyunyu yakiingia upande mwingine. Agnetha aliinua ubao mmoja. Ulikuwa mzito kuliko inavyotakiwa, umepoa kama mkono wa mtu aliyetoka mtoni. Mbao za namna ile hukaa ndani ya nyumba zitakamowekwa, wiki mbili au tatu, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, hadi zizoee chumba. Alimwambia Audax hivyo. Audax alisema amefunga sakafu sita Mwanza na hakuwahi kuona mbao zikizoeshwa nyumba kama bi harusi.

"Na hizo sita umeshazirudia kuziangalia?"

Audax alimpa mgongo. Alimpigia simu Dokta Rutashobya.

Dokta alikuwa Dar es Salaam, na Agnetha alikuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Alimjua kwa sauti tu, sauti nzito ya mtu aliyezoea kuongea wengine wakiandika. Audax aliweka simu kwenye spika, akaishika katikati yao.

"Mama Koku," sauti ilisema, "nasikia una wasiwasi."

"Sina wasiwasi, waitu. Nina maji. Zege la sebuleni ni bichi."

"Nimeongea na mhandisi rafiki yangu hapa. Anasema zege linakomaa siku ishirini na nane. Ni sayansi."

"Kukomaa siyo kukauka. Likikomaa linakuwa gumu. Kukauka ni jambo jingine, na huyo rafiki yako hajaligusa. Mimi nimelala juu yake siku tano."

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini kuna watu waliosomea mambo haya. Mimi nataka mtu wa kunisaidia kutatua matatizo, siyo kuyaongeza. Harusi haisubiri zege. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Basi tandika mkeka, wageni wakae. Mninga usubiri."

Audax alifumba macho kama aliyesikia tusi kanisani. Sauti ya Dokta haikupanda, ikazidi kuwa ya adabu, na kwa adabu hiyohiyo ikamwambia Agnetha kwamba upande wa chumba cha kulia aliokwisha kuusawazisha amalizie nailoni na plaiwudi, na sebule amwachie Audax, ambaye ana uelewa wa kisasa.

Agnetha alimalizia upande wake kwa siku mbili, papi zimelala sawa, plaiwudi imeachiwa nafasi ya kidole ukutani pande zote, ili ipate pa kuvimbia. Alifanya kazi kwa hasira, na kwa hasira alifanya haraka kuliko kawaida yake. Kando ya ukuta wa jikoni palikuwa na mifuko ya saruji imepangwa juu ya mbao, zaidi ya ishirini, na watu wa Audax waliposogeza mifuko ile siku ya mwisho ili apate kutandaza nailoni, hakusimama kubandika kipande cha kupimia pale. Upande huu ulikuwa mkavu. Alikuwa ameshaupima. Na kule sebuleni alimwona kijana wa viatu vyeupe akitandaza nailoni juu ya zege lililolowa, huku akirekodi video na kusema, "Hapa tunazingatia ubora." Agnetha alifunga mfuko wake wa vifaa akaondoka bila kuaga, isipokuwa alipita kwa Bibi Theopista.

"Umefukuzwa?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, mae."

"Afadhali wewe. Mimi nitahamishiwa humo."

Harusi ilifana. Hilo Agnetha alilazimika kulikubali kwa macho yake, kwa sababu Bibi Theopista alimwalika na mwaliko wa bibi haukataliwi. Mninga ulikuwa umepigwa vanishi hadi taa za dari zilionekana miguuni. Mchungaji aliusifia katika sala. Wanawake kutoka Bukoba mjini walivua viatu vyao virefu mlangoni kwa hiari. Senene zilipitishwa kwenye sahani, na Dokta Rutashobya, mtu mfupi kuliko sauti yake, alizunguka na wageni akiwaonyesha sakafu kama aliyeizaa. Alipofika kwa Agnetha alimshika mkono.

"Mama Koku! Unaona sasa? Mambo ya kisasa yanahitaji imani kidogo."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Agnetha alitazama pale mbao zilipokutana na ukuta. Hapakuwa na nafasi. Audax alikuwa amezibana ukuta hadi ukuta, zimekazwa kama meno, kisha akapiga vibao vya skating juu kuficha ukingo, isipokuwa kipande kimoja nyuma ya mlango. Akarudisha macho kwa Dokta, akamwambia harusi ni nzuri, akala senene zake, akaenda zake nyumbani. Njia nzima aliwadharau: mchungaji, wanawake waliovua viatu, Dokta, na zaidi kidogo yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa amepita juu ya sakafu ile akaona ni nzuri kweli.

Mvua za masika zilianza kwa nguvu mwaka ule. Katikati ya Aprili Agnetha alikuwa na kazi ya sakafu ya duka, hapohapo Kamachumu, umbali wa kutembea. Saa nne asubuhi mfanyakazi wa Bibi Theopista, mwanamke aitwaye Alistidia, alifika akihema, kanga imelowa.

"Mama Koku, njoo. Sakafu imepasuka na bibi yumo ndani!"

Aliyoyasikia njiani ni haya. Mwezi mzima sakafu ilikuwa ikilia usiku na mchana, kila ukikanyaga. Kisha mbao zikaanza kukunja kingo, ukipita peku unazisikia. Alistidia alimpigia Dokta, Dokta akampigia Audax, Audax akasema ni kawaida ya mninga kupumua. Asubuhi ile Bibi Theopista aliingia sebuleni kusikiliza redio, akafunga mlango nyuma yake kwa sababu ya baridi, na muda mfupi baadaye kukatoka mlio kama wa bunduki. Katikati ya sebule na hadi mlangoni mbao ziliruka juu kwa mkupuo, zikasimama kama paa la kibanda. Mlango unafungukia ndani. Ulifunguka upana wa kiganja ukagota. Ule wa upande wa chumba cha kulia ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na mbao zilizosimama zilimzuia bibi kuufikia.

Agnetha alizunguka kwanza dirishani. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Ndani, kwenye kochi la wageni, bibi alikuwa amekaa na fimbo yake mapajani, redio bado inaongea.

"Mae, umeumia?"

"Sijaumia. Mwanangu amenifungia kama kuku wa sikukuu." Alinyoosha fimbo kuelekea ule mgongo wa mbao. "Hii ndiyo ya kisasa?"

"Ndiyo yenyewe, mae. Kaa hapohapo, usisimame."

Mlango ulikuwa wa mvule, kazi ya mtu anayejua, kitu pekee katika nyumba ile ambacho Agnetha alikiheshimu, na hakutaka kuuvunja. Alitumia mtaimbo aliokuja nao. Aliupitisha kwenye ule uwazi wa kiganja, akalala kifudifudi kwenye korido, akatafuta kwa ncha ukingo wa ubao wa kwanza, akakandamiza kwa uzito wake wote. Ubao uling'oka ukilia misumari. Harufu ikatoka: ya ukungu, ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Akang'oa wa pili na wa tatu. Hakujidanganya kwamba hakufurahi. Ubao wa saba ulipotoka mlango ukapita, akaingia, akamshika bibi kwapani, akamvusha juu ya mabaki.

Mlangoni Bibi Theopista alisimama akageuka. "Chini yake kuna maji kweli," alisema.

"Nilimwambia, mae."

"Ulimwambia mtu aliyesoma. Hilo ndilo kosa lako."

Dokta Rutashobya alifika baada ya siku tatu, na Audax alikuja kutoka Bukoba, safari hii na viatu vya kawaida. Agnetha aliitwa. Aliweka sharti moja tu kabla ya kuzungumza lolote: mbao zote zing'olewe, na wa kuzing'oa awe Audax kwa mikono yake, misumari ichomolewe mmoja mmoja, huku Dokta akiangalia. Dokta alikubali. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti barazani, mgongo umewageukia, na tangu afike alikuwa hajamwambia neno ila salamu.

Walianza sebuleni. Plaiwudi ilikuwa imevimba na kuachana matabaka kama mkate uliolowa. Papi zilikuwa nyeusi. Nailoni, ambayo Audax aliiunganisha bila kupandanisha kingo wala kuweka utepe, ilikuwa imekusanya maji kwenye mikunjo. Kwa kila kipande kilichoinuliwa Agnetha alisema neno moja au mawili. "Hapa hukukwangua." "Hapa duara langu la chaki bado lipo, umelitandikia juu." Audax alikuwa anatoka jasho hadi kwenye masikio. Dokta alikuwa ameshika kiuno, anatazama.

"Sasa ng'oa na upande wangu," Agnetha alisema. "Dokta aone tofauti. Huku hamtakuta hata tone."

Angeweza kunyamaza. Upande wa chumba cha kulia mbao zilikuwa zimelala, zimekunja kingo kidogo tu, na Dokta alikuwa tayari kuziacha. Lakini Agnetha alitaka waone. Alikuwa ameingoja siku hii tangu Desemba, akiwa magotini kwenye sakafu za watu wengine.

Katikati palikuwa pakavu. Karibu na mlango palikuwa pakavu, plaiwudi safi, rangi ileile. Agnetha alisimama mikono nyuma. Kisha Audax akafika kwenye ukuta wa jikoni, akaingiza mtaimbo, na plaiwudi ikainuka kwa mlio laini, wa kunyonya. Urefu wote wa ukuta, upana wa mkeka, palikuwa na weusi. Aliposhusha plaiwudi, maji ya matope yaliruka yakampata usoni.

Agnetha alitoka nje akazunguka nyumba. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na simtanki la maji ya mvua, lililokuwapo tangu Novemba, na bomba la kumwagia maji ya ziada liliishia chini ya msingi, likimwaga pale pale ukutani kila linapojaa. Alikuwa amepita kando ya simtanki lile kila siku kwa wiki nzima. Alinawia hapo. Alisimama akilitazama muda mrefu, akiona mifuko ya saruji ikisogezwa, akijiona mwenyewe akitandaza nailoni bila kupima kwa sababu alikuwa anashughulika kumchukia mtu mwenye simu. Na nailoni ile aliikatia usawa wa zege badala ya kuipandisha ukutani. Kagaruki, na rubisi yake yote, asingekosea zaidi.

Aliporudi ndani Dokta alikuwa anamngoja.

"Kwa hiyo, Mama Koku, naona kila mtu ana sehemu yake. Labda hata unyevu wa sebuleni ulitokea huku kwako."

Audax alidaka haraka. "Ndiyo maana mimi nilishangaa—"

"Wewe nyamaza," Agnetha alisema. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya zege bovu, akatembea na kiganja hicho kutoka ukutani kwenda katikati hadi alipofika pakavu. "Maji yangu yanaishia hapa. Kutoka hapa hadi sebuleni hatua saba, zege ni kavu kama mnavyoliona. Kosa la sebuleni ni lenu nyinyi wawili, niliwaambia mkanicheka. La hapa ni langu. Sikupima. Nililiona simtanki na sikupima."

Kuyasema hayo mbele ya Audax kulimwuma kuliko kubeba zege. Angemwambia mzee wa Kampala, hata mume wake, bila shida. Lakini yule alikuwa amesimama pale na matope shavuni, na usoni mwake Agnetha aliona ile nafuu ya mtu mvivu anayegundua kwamba hata mwenye bidii hukosea. Alimdharau kwa nafuu ile kuliko alivyomdharau kwa sakafu.

"Kwa hiyo na wewe—" Audax alianza, anatabasamu.

"Na mimi. Tofauti ni kwamba mimi najua ni wapi. Chomoa misumari."

Walikubaliana, au tuseme Agnetha alisema na Dokta akaitikia. Bomba la simtanki lilihamishwa, mfereji ukachimbwa hadi kwenye migomba. Zege lote lilibaki wazi, madirisha yakifunguliwa kila asubuhi na Alistidia, Mei yote, Juni yote, Julai. Mninga uliosalimika uliingizwa chumba cha wageni ukapangwa na vijiti. Kila Jumamosi Agnetha alikuja na nailoni zake, si vipande vitano safari hii ila ishirini na viwili, hadi kwenye pembe, hadi nyuma ya milango, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kuvibandua. Dokta alipiga simu mara mbili kuuliza kama bado. Alijibiwa bado, na simu ikakatwa. Mara ya tatu hakuuliza. Mwezi Agosti vipande vyote ishirini na viwili vilitoka vikavu, na hata hivyo Agnetha alivirudia wiki moja zaidi.

Alitandaza nailoni akaipandisha ukutani kiganja kizima. Mbao alimwachia Audax, kwa sababu mikono yake, hilo alilikubali shingo upande, ilikuwa mizuri kwa kazi ya juu. Lakini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa siku zote nne akimwangalia, na kila ubao wa pembeni aliupima nafasi kwa kidole chake mwenyewe. Siku ya pili Audax aliuliza, bila mzaha, kwa nini vijiti vya kupangia mbao viwe vya unene mmoja. Agnetha alimweleza kwa maneno manne. Siku ya nne alimkuta akirekodi video tena, "Hapa tulianza kwa kupima unyevu wa zege," anasema kwa madaha, kana kwamba alizaliwa akilijua. Agnetha alimwacha. Kumsahihisha kungekuwa kumpa umuhimu.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja na kupita, na sakafu haikulia. Siku moja ya Mei Agnetha alipita kumjulia hali Bibi Theopista, akamkuta sebuleni ameinama, fimbo kando, akitandaza nyasi mbichi juu ya mninga, kama wazee wanavyotandaza katika nyumba za zamani. Nusu ya sebule ilikuwa imeshafunikwa.

"Mae! Mninga wote huu?"

"Unateleza," bibi alisema. "Na unapoza miguu. Dokta akija nitaziondoa."

"Na asipokuja?"

"Zitakaa."

Agnetha alisimama kizingitini. Alifikiria miezi ile minne, vile vipande ishirini na viwili, magoti yake. Aliinama akafunua nyasi kidogo pembeni, akaingiza ncha ya kidole kati ya ubao na ukuta. Ilipita sawasawa. Akazirudisha nyasi kama zilivyokuwa, akachota fungu lililobaki mlangoni, akaanza kumsaidia bibi upande wa jikoni.